Gari gani nzuri ya kuanzia autokrosi? Bajeti dola 7,000, niko Ohio

kijana_wa_tandika

Wakuu habari zenu. Niko Columbus, Ohio, naomba msaada kwa wenye uzoefu wa autokrosi, zile mbio za koni kwenye lami, unaingia peke yako na saa inakupima. Mfanyakazi mwenzangu anacheza, alinichukua nikaangalie wakaniruhusu kukaa pembeni ya dereva raundi moja, basi toka hapo sina raha, msimu ujao lazima niingie.

Gari ya nyumbani ni RAV4 na mama watoto ndio anaitumia zaidi. Nimetenga dola 7,000 za gari ya pili, Jumatatu mpaka Ijumaa inipeleke kazini na Jumapili iingie kwenye koni. Manyuo, yaani gia za mkono, sio shida, udereva nimejifunzia kwenye Hiace pale Dar. Mpaka sasa nimeona tatu: Mazda Miata ya 2002, Honda Civic Si ya 2008 na Subaru WRX ya 2006 ambayo mwenyewe anasema turbo kaiongeza nguvu na bei kashusha. Roho inaipenda Subaru, siwafichi.

Ninachotaka kujua, inayovuta mbele na inayosukuma nyuma ipi inamfaa anayejifunza? Nguvu za farasi zianzie ngapi? Halafu mwenzangu anasema kwa kuanzia niende tu na hiyo RAV4 nisinunue kitu, mnalionaje hilo?

koni_na_lami

Karibu sana mkuu, mimi niko Minneapolis, huu ni msimu wangu wa kadhaa sasa na kila mwaka tunapokea wapya wenye swali hili hili.

RAV4 iache nyumbani. Watakurudisha kwenye ukaguzi wa asubuhi kabla hujawasha injini, maana klabu zinazofuata kanuni za SCCA, kile chama cha magari ya michezo cha Marekani, zinaangalia kimo cha gari dhidi ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Gari iliyosimama juu ikikata kona kali kwenye lami inayoshika inaweza kupinduka, kwa hiyo SUV nyingi, van na pikapu hazipiti. Ila wazo la kuonja kabla ya kununua ni zuri, njia yake ni kumuomba huyo mwenzako muendeshe gari yake wawili. Autokrosi inaruhusu madereva wawili gari moja, kila mtu analipa kiingilio chake (sehemu nyingi ni kati ya dola 50 na 80), unapokezana naye kiti, na wewe kwa uungwana unachangia hela ya tairi. Siku moja ya hivyo itakufundisha mengi kuliko mwezi mzima wa kusoma matangazo.

Nguvu za farasi zisikusumbue. Raundi moja ni sekunde 30 mpaka 60 hivi, unaondoka na gia ya kwanza, unatia ya pili, na kwa magari mengi unabaki humo humo mpaka mstari wa mwisho. Mwendo wa juu kabisa unafika maili 60 na kidogo, yaani ule ule wa hapo barabara kuu, sasa farasi 300 utazimwaga wapi kabla ya koni inayofuata? Muda unatafutwa kwenye kugeuka, gari ikubali kushoto kulia kushoto bila kuyumbayumba, na hicho kinatoka kwenye uzito mdogo na tairi. Halafu kuna hesabu inaitwa PAX, kila klasi, yaani kundi la magari, imepewa namba iliyo chini ya moja, muda wako unazidishwa na hiyo namba ili mwenye gari ndogo aweze kulinganishwa na mwenye Corvette. Watu wenye farasi 140 wanashika nafasi za juu kwa PAX kila wiki na hakuna anayeshangaa.

Kwa hiyo kati ya hizo tatu mimi nasema Miata. Ya 2002 ni kizazi cha pili, wanaiita NB, injini ya 1.8, farasi 142, uzito kilo 1,080 hivi, na uzito umekaa karibu nusu mbele nusu nyuma. Hiyo WRX inapita kilo 1,400. Uzuri wa Miata kwa anayejifunza ni kwamba inakuonya mapema, mkia ukitaka kutoka unausikia kwenye makalio taratibu kabla haujatoka, una muda wa kuurudisha na usukani. Spea zimejaa, bei rahisi, na tairi za rimu ya inchi 15 ni nafuu.

Mambo mawili kabla hujalipa. Kaa ndani ukiwa umevaa helmeti, na kiti kikiwa pale unapoendeshea kweli, maana ukiwa na kimo cha futi sita na zaidi kichwa kinagusa turubai na hutaweza kutazama pembeni. La pili, ni gari ya wazi, uliza klabu yako mapema wanataka nini kuhusu rolibaa, kile chuma cha kukinga kichwa gari ikipinduka, maana hawafanani.

WRX iliyoguswa turbo mimi naikataa kwa sababu ya klasi. Klasi ya Street inakuruhusu vitu vichache tu, shokapu, stabilaiza (chuma cha kuzuia gari kulalia upande) moja ya mbele au ya nyuma, breki pedi, ekzosi kuanzia nyuma ya kile kichujio cha moshi, rimu kwa masharti. Turbo ikishaguswa umetoka humo unapelekwa kwa watu ambao gari zao wamezijenga kwa kazi hiyo, na wewe ndio kwanza unatafuta koni iko wapi.

dada_wa_gia

Koni nakuheshimu ila hapa napinga. Kaka kasema gari ya kwenda nayo kazini, Ohio, kuna theluji, na kuna watoto. Siku mama watoto akipata dharura na RAV4 iko gereji, hao watoto unawaweka wapi kwenye Miata ya viti viwili?

Mimi niko Houston nacheza na Honda Fit ya manyuo na sijutii hata siku moja. Kwa bajeti yako hiyo Civic Si ya 2008 naiona ndio yenyewe. Farasi 197, gia sita, na difu ya kubana imetoka nayo kiwandani, maana yake ukitoka kwenye kona ukakanyaga mafuta ile tairi ya ndani haizunguki bure inachoma lami, nguvu inakwenda kwenye ile inayoshika. Nyuma unalaza viti unabeba tairi nne, jeki na pampu ya upepo, asubuhi unabadilisha tairi uwanjani jioni unarudisha za barabarani.

Kuhusu mbele na nyuma. Inayovuta mbele ukiingia kona na mwendo mwingi inagoma kugeuka, inanyooka kama hukukata usukani kabisa, na mtu mpya anachofanya ni kuongeza usukani na kuongeza mafuta, yote mawili yanazidisha tatizo. Dawa ni kuachia mafuta kidogo, uzito unarudi mbele, tairi zinauma, gari inageuka. Ukishalielewa hilo umeelewa nusu ya mchezo, kwamba uzito wa gari unauhamisha wewe kwa miguu yako. Na makosa ya hivyo yanakugharimu muda tu, unaona koni mbele yako unapita. Inayosukuma nyuma ukikosea unajikuta umezunguka unaangalia ulikotoka. Sio hatari pale uwanjani kwa sababu hakuna cha kugonga, lakini raundi ni chache, unapewa tatu mpaka sita kwa siku, ukizunguka kwenye mbili umeondoka na nini?

Ubaya wa Si nausema pia. Nguvu yake inaishi juu, chini ya mizunguko kama 6,000 kwa dakika ni Civic ya kawaida, kwa hiyo kwenye kona za polepole unaweza kukanyaga ukasubiri. Na matoleo ya miaka hiyo yana ugonjwa unaojulikana wa gia ya tatu, inakwaruza au inaruka kutoka. Ukiijaribu usiijaribu ikiwa baridi, endesha dakika ishirini mpaka oili ya gia boksi ipate moto, halafu toka ya pili uingize ya tatu haraka na injini ikiwa juu. Ukisikia krrr shukuru mwenye gari rudisha funguo. Nyingine ni kwamba inakula tairi za mbele kwa upande wa nje.

fundi_wa_uvunguni

Salaam wote. Nyote wawili mnashindana jina la gari, mimi kazi yangu ni gereji huku huku Ohio, Cleveland, na nawaambia kwa mkoa huu jina la gari linakuja la pili, la kwanza ni kutu. Barabara zinamwagiwa chumvi kuanzia Desemba mpaka Machi na gari ya miaka ishirini iliyoishi hapa chini inaweza kuwa imeliwa huku juu inang'aa.

Miata ya NB kutu yake ina sehemu maalum. Piga magoti pembeni ya mlango, angalia ule ukingo wa chini wa bodi mbele kidogo ya tairi la nyuma. Turubai lina mifereji ya kutoa maji nyuma ya viti, inaziba kwa majani na vumbi, maji yanakaa ndani ya ule ukingo na kutu inaanza ndani kuja nje, ukiona rangi imevimba kama malengelenge jua nje ndio mwisho wa safari. Nenda na sumaku ndogo uifunike kitambaa isikwaruze, ipitishe taratibu kuanzia mbele kwenda nyuma. Mahali inaponasa vizuri ni bati, mahali inapoanguka wamepiga pati na kupaka rangi. Halafu inyanyue, na hapa nasisitiza inyanyue kwenye lifti, usitosheke na kuchungulia, tazama zile reli mbili za chasisi upande wa mbele na sehemu ambazo mikono ya sasipensheni inafungwa. Kutu ya juu juu ya ekzosi haina neno, ila bolti za sasipensheni zikishakuwa donge moja na bushi zake huwezi kupiga alaimenti, na kwa mchezo huu alaimenti ndio dawa ya nusu ya matatizo. Bolti hizo kwenye Miata ndizo zinazokupa uwezo wa kulaza tairi kwa ndani bila kununua kifaa chochote, zikishikana umepoteza faida kubwa ya hiyo gari.

Uliza mkanda wa taiming umebadilishwa lini. Kwenye hizo NB ni kila maili 60,000, na ukifungua basi badilisha na pampu ya maji hapo hapo. Muuzaji akisema "nadhani ulishabadilishwa" bila risiti wewe hesabu haujabadilishwa na ondoa hiyo hela kwenye bei. Civic Si inatumia cheni, hapo dada ana pointi.

WRX ya 2006 iliyoongezwa turbo sitaki hata kuieleza sana. Gari ya turbo ambayo hujui ilitunwaje, bei imeshuka ghafla, hiyo bei ina sababu. Mimi nashinda na injini za hivyo mezani.

Na bajeti usiimalize kwenye gari. Ukiwa na 7,000 tafuta gari ya 5,000, zinazobaki ni tairi, breki pedi na oili mpya ya breki, mkanda kama unadaiwa, alaimenti, helmeti. Mtu anayenunua gari ya 7,000 kavu anaingia uwanjani na tairi za miaka minane halafu anasema gari haishiki.

vumbi_la_nairobi

Niaje wadau. Niingilie kidogo juu nimeona hio story ya roho kupenda Subaru na najua inatoka wapi. Huku kwetu Kenya autokrosi iko chini ya KMSF, shirikisho la mbio za magari, na ni ya vumbi, sio lami. Unakimbia kwa murram, mashimo, mvua ikinyesha ni matope, na kuna klasi za 2WD turbo, 2WD bila turbo, za 4WD, bagi, hadi watoto wako na yao. Kwa hio surface ukiwa na Impreza inavuta magurudumu yote manne unatoka kwa kona wengine wakichimba tu. Ndio maana mtu akikulia East Africa akisikia mbio anaona Subaru, na tangu Safari Rally irudi WRC, mashindano ya dunia ya rali, mwaka wa 2021 hata watoto wa chekechea wanajua.

Lakini mahitaji ni tofauti kabisa. Huku gari ya kuanza inafaa iwe na sampu gadi (bamba la kukinga injini kwa chini), sasipensheni ndefu, roli keji, mikanda ya mbio, na wengi wanaanza na kitu kama Starlet juu spea ziko kila mahali na ukiikunja kidogo hulii. Kuitumia kwa kazi Monday sahau. Hio Miata mnayoibishania hapa hata kuipata ni shida, sheria inasema gari ya kuingizwa isipite miaka nane. So bro uko mahali pazuri, lami, gari ile ile unaenda nayo job, usibebe mawazo ya vumbi uyapeleke kwa parking lot. Mimi kwa lami ningechukua Civic.

kijana_wa_tandika

Wakuu nashukuru sana, nimesoma yote mara mbili. WRX nimeiondoa. Nimeongea na mwenzangu, kakubali niendeshe gari yake siku moja mwezi ujao, ana Toyota 86. Miata niliwaomba picha za pale chini alipoelekeza fundi, wametuma, upande wa dereva kuna uvimbe kama wa sarafu na upande wa pili picha imepigwa kwa mbali. Kimo changu ni futi tano na inchi kumi. Civic naenda kuiona Jumamosi.

Nina maswali madogo. Tairi nianze na zipi? Helmeti ya pikipiki inafaa? Na bima ya gari yangu ya kawaida inahusika nikigonga kitu?

koni_na_lami

Hapo kwenye 86 umepata bahati, endesha na useme asante.

Tairi: Street inataka tredwea, yaani kipimo cha tairi kudumu, isiyopungua 200, namba hiyo imeandikwa ubavuni mwa tairi. Wanaotafuta ushindi wanavaa Bridgestone RE71RS au Yokohama A052, zinashika kuliko kawaida na zinaisha haraka. Wewe msimu wa kwanza usinunue hizo. Tafuta kitu kama Hankook RS4, inadumu, inavumilia joto la madereva wawili. Na kama tairi zilizo kwenye gari ni nzima na bado mpya anza nazo hizo hizo, zinapiga kelele mapema unasikia zinapoanza kuachia, sikio linafundishika. Ukibadilisha tairi na shokapu na stabilaiza kwa mpigo hutajua muda umetoka kwenye mkono wako au dukani.

Nenda na chaki na geji ya upepo. Kabla ya raundi chora mistari mitatu ya chaki kwenye bega la tairi za mbele, kuanzia ubavuni kuja juu kwenye meno. Ukirudi angalia chaki imefutika mpaka wapi. Ikifutika ikashuka ubavuni, tairi inalala, ongeza upepo. Ikibaki chaki kwenye meno ya pembeni, punguza. Civic itataka upepo mwingi mbele kuliko ule ulioandikwa mlangoni, usiogope, ila andika kila unachobadilisha.

Helmeti iwe na stika ya Snell, shirika la kupima helmeti, M ni ya pikipiki na SA ni ya magari, klabu nyingi zinakubali zote mbili mradi isiwe toleo lililopitwa na wakati. Helmeti ya pikipiki yenye DOT (alama ya kiwango cha serikali ya Marekani) peke yake wengi wanaikataa. Usinunue bado, klabu karibu zote zina za kuazima.

Bima soma karatasi zako zote mpaka mwisho, kampuni nyingi zimeandika kwamba matukio ya kupimwa muda hayamo. Hatari ya kugonga ni ndogo kwa sababu njia inapangwa mbali na nguzo na kingo, lakini hesabu kwamba lolote ni juu yako.

dada_wa_gia

Naongezea ya siku yenyewe kwa sababu wanaume hawa wamesahau. Toa kila kitu ndani ya gari, kuanzia kapeti la miguu la dereva mpaka chupa za maji na viti vya watoto, wakaguzi wanatazama hicho kwanza, halafu betri kama imefungwa, nati za rimu, na hakuna kinachovuja. Fika mapema utembee njia kwa miguu, tembea zaidi ya mara moja, mara ya kwanza na watu na nyingine peke yako bila kuongea. Koni iliyolala inaelekeza upande wa kupita, ncha yake inaigusia ile iliyosimama na wewe unapita ng'ambo ya iliyosimama, upande ambao ncha inaelekea, hicho kinawachanganya sana wapya. Ukigusa koni ikaanguka au ikatoka kabisa kwenye alama yake chini ni sekunde mbili zinaongezwa, ukikosa lango raundi nzima haihesabiwi. Kwa hiyo siku ya kwanza lengo liwe kumaliza bila kupotea.

Na kuna kazi. Kila mtu anapangiwa zamu ya kusimama njiani kusimamisha koni, kwa hiyo viatu vya kufunga na kofia. Omba wakuweke karibu na kona ngumu, utaona wazuri wanakanyaga breki wapi na wabaya wanakanyaga wapi.

fundi_wa_uvunguni

Kijana, hiyo Miata usipoteze Jumamosi yako. Uvimbe wa sarafu kwa nje ndani ni kiganja kizima, na picha ya mbali upande wa pili inatosha kuwa jibu. Kukata ule ukingo na kuchomelea bati jipya pande zote mbili kwa kazi ya uhakika itakula hela yote uliyoweka ya tairi na zaidi.

Ukibaki na hamu ya Miata tafuta ya kutoka Georgia au Carolina, unalipia mafuta ya kuifuata lakini chini yake inakuwa na rangi ya kiwandani. Kwa Civic hiyo ya Jumamosi, mbali na gia ya tatu alivyokuelekeza dada, inyanyue uangalie matao ya tairi za nyuma kwa ndani na mipira ya drive shafti kama imepasuka, grisi inakuwa imerushwa duara kwenye rimu kwa ndani. Muombe muuzaji akupe injini ikiwa baridi asubuhi, asiiwashe kabla hujafika, fungua kifuniko cha oili na uchomoe dipstiki mwenyewe, hizi injini watu wanazikimbiza juu bila kuongeza oili. Ukitaka kuileta Cleveland kabla ya kulipa niandikie inboksi, nitaipandisha lifti tuitazame pamoja.